Daktari amekubali kunianzishia uchungu tarehe 10 na sina tatizo lolote la kiafya. Nikubali?

Kijacho wa Nkuhungu · 3 Agosti, saa 3 usiku

Wadau habari za usiku. Naandika nikiwa nimelala ubavu wa kushoto, ndio unaonikubali siku hizi, kwa hiyo mnivumilie uzi ukiwa mrefu.

Ni mimba yangu ya kwanza. Presha nzuri, sukari hakuna, damu iko 12, mtoto ametanguliza kichwa na anacheza mpaka kanga inatikisika. Sina ugonjwa. Kinachonisumbua ni kalenda. Mume wangu anaondoka Jumatano tarehe 12 kwenda Kigoma kikazi, kurudi ni katikati ya Oktoba. Mama yangu mzazi alishatangulia mbele za haki. Mama mkwe yuko Kongwa na magoti yanamtesa. Na likizo yangu ya uzazi, zile siku 84, ofisini wameiandika ianze leo. Kwa hiyo kila siku ninayokaa hapa nikisubiri inakatwa kwenye siku za kukaa na mwanangu. Nikijifungua tarehe 25, nitarudi kazini kwangu Mtumba mtoto akiwa na miezi miwili kamili, hata shingo haijakaza vizuri.

Alhamisi tulienda hospitali moja hapa Dodoma mjini, mume akamweleza daktari habari ya safari. Daktari akaangalia karatasi ya altrasaundi, akasema hakuna shida, wiki zimeshatimia, tupite Nanenane halafu Jumatatu tarehe 10 asubuhi nije na begi, ataniwekea dawa ya kuanzisha uchungu. Mume alifurahi, na mimi nikafurahi. Nilisema ndiyo palepale.

Tulipokuwa kwenye bajaji kurudi nyumbani ndipo nikafungua kadi yangu ya kliniki. Ina tarehe tatu za matarajio! Altrasaundi ya kwanza, 19 Januari, ilisema mimba ina wiki 9 na siku 1, matarajio 23 Agosti. Nesi wa kliniki alihesabu kutoka hedhi yangu ya mwisho, 7 Novemba, akaandika 14 Agosti kwa wino mzito. Altrasaundi ya mwisho, 29 Juni, ikaja na 8 Agosti. Daktari alishika hii ya mwisho.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Waliowahi kuanzishiwa uchungu bila ugonjwa, na wenye utaalamu, naomba mniambie ukweli. Nataka mume wangu awepo. Nataka pia mtoto atoke akiwa ameiva.

---

Mama wa Kizota · 3 Agosti, saa 3:40 usiku

Hongera sana dada, umefika mbali. Mimi nilianzishiwa mtoto wa tatu na sikujuta. Nilikuwa wiki 39 na siku kadhaa, nimechoka, miguu imevimba viatu haviingii, na nyumba yetu iko mbali na hospitali. Mtoto wa pili alikuwa amekuja kwa saa mbili tu, nikawa naogopa huyu atazaliwa njiani.

Aliponipima nilikuwa nimeshafunguka sentimita 3 bila hata kusikia uchungu. Wakapasua chupa saa 3 asubuhi, wakaweka dripu, saa 8 mchana nikawa nanyonyesha. Uchungu wa dripu ni mkali, huo nikuambie wazi, unakuja bila kubisha hodi na haukupi muda wa kupumua kama ule wa kawaida. Lakini ulikuwa mfupi.

Usiogope. Watu wanaogopesha sana wenzao.

---

Upepo wa Miyuji · 3 Agosti, saa 4:15 usiku

Pole na hongera, dada Kijacho. Naomba nikusimulie langu, halafu uamue mwenyewe.

Mwaka 2021 mume wangu alikuwa anahamishwa mkoa. Tulitaka tuhame na mtoto mkononi. Mimi nilichelewa kuanza kliniki, altrasaundi niliyopiga ilikuwa moja tu, mimba ikiwa na miezi minane. Tarehe ya hedhi nilitaja ya kukisia. Wakasema wiki 39, tukakubaliana siku, nikaenda na begi langu kama ninaenda harusini.

Nilimeza dawa mchana, usiku mzima hakuna kitu, asubuhi wakaongeza dripu. Saa 24 na ushee. Alipotoka alilia kidogo kisha akaanza kuguna. Kila pumzi anaguna, na hapa chini ya mbavu panabonyea ndani. Nesi mmoja mtu mzima akamchukua, akamkunja sikio, likachelewa kurudi kama kitambaa. Akapitisha kidole mabegani, kuna vinyweleo laini. Akamgeuza nyayo, mistari ni michache. Akanigeukia akaniuliza taratibu, "Mama, una uhakika na tarehe zako?"

Kilo 2.2. Walikadiria wiki 36 hivi. Tulikaa siku tisa wodi ya watoto wachanga, ana mpira wa oksijeni puani, mimi nakamua maziwa kwenye kikombe, kisha nikaruhusiwa kumweka kifuani ngozi kwa ngozi. Leo yuko chekechea na ana maneno mengi kuliko mimi. Lakini ile sauti ya kuguna naisikia mpaka kesho.

Sikatazi mtu. Ila niliharakisha kitu ambacho hakuna aliyekijua umri wake.

---

Mdau wa Iyumbu · 3 Agosti, saa 5 usiku

Niko kwenye fani, naomba niweke takwimu maana hofu imeanza kuwa nyingi kuliko maarifa.

Zamani tulifundishwa kwamba kuanzisha uchungu kwa mama asiye na tatizo kunaongeza upasuaji. Mwaka 2018 ukachapishwa utafiti mkubwa wa Marekani, hospitali 41, kina mama zaidi ya 6,000, wote mimba ya kwanza, wote hawana tatizo. Nusu walianzishiwa wiki ya 39, nusu waliachwa wasubiri. Waliofanyiwa upasuaji kwenye kundi la kuanzishiwa ni asilimia 18.6, kwenye kundi la kusubiri asilimia 22.2. Presha ya mimba nayo ilipungua, asilimia 9 dhidi ya 14. Kwa watoto, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kusema upande mmoja umeshinda.

Kwa hiyo anayekuambia kuwa ukianzishiwa lazima uishie kisu, hana ushahidi huo. Na mama ana haki ya kuchagua. Mume kuwepo, likizo, utulivu wa moyo, hivyo vyote ni vitu halisi katika maisha ya mtu. Tusimfanye dada aone aibu kwa kuuliza.

---

Mkunga wa Mpwapwa · 4 Agosti, saa 12 asubuhi

Mbukwenyi nyote. Nimestaafu baada ya miaka 31 ya wodi ya wazazi, mingi wilayani na michache hapa mjini. Nimeusoma uzi wote leo alfajiri kabla ya chai.

Kijacho mwanangu, kabla sijasema lolote nijibu maswali mawili. Hedhi yako huja kila baada ya siku ngapi? Na huyo daktari alikupima mlango wa kizazi, au aliangalia karatasi tu?

---

Kijacho wa Nkuhungu · 4 Agosti, saa 1:10 asubuhi

Shikamoo mama. Hedhi yangu tangu usichana huchelewa, ni siku 36 au 37. Nesi wa kliniki hakuniuliza hilo. Mlango wa kizazi hakunipima, aliangalia karatasi ya altrasaundi na kunisikiliza tumbo.

---

Mkunga wa Mpwapwa · 4 Agosti, saa 2 asubuhi

Marahaba mwanangu. Basi tukae hapa kwanza, maana mengine yote yanaanzia hapa.

Ile hesabu ya nesi, siku 280 kutoka hedhi ya mwisho, imejengwa juu ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake linatoka karibu siku ya 14. Wewe wa siku 37 yai lako linatoka siku kama tisa baadaye. Sasa toa 14 kwenye 23. Unaona? Tisa. Altrasaundi yako ya Januari na mzunguko wako vinasema kitu kimoja. Tarehe yako ni 23 Agosti.

Hii ya Juni iweke pembeni. Mtoto akiwa wiki 9 ni mdogo kama zabibu, na watoto wote wa wiki 9 wanalingana, kwa hiyo mashine ikimpima urefu inakosea kwa siku tano mpaka wiki moja hivi. Akifika miezi saba na zaidi kila mmoja anafuata ukoo wake, kuna wenye vichwa vikubwa kama baba zao. Pale mashine inaweza kukosea mpaka wiki tatu. Altrasaundi ya mwisho inapigwa tuone kondo limekaa wapi, maji yanatosha, mtoto amelalaje. Haipigwi kubadilisha tarehe ambayo altrasaundi ya mapema ilishaipanga.

Sasa tarehe 10 una wiki ngapi? Kwa karatasi ya daktari, wiki 40 na siku 2. Kwa wino wa nesi, wiki 39 na siku 3. Kwa ile ya Januari, wiki 38 na siku 1. Leo hii una wiki 37 na siku 2. Huyo mtoto bado anajazia mafuta chini ya ngozi, na mapafu yake yanamalizia kazi. Wengi wa wiki 38 wanatoka salama, sitakutisha kwa uongo. Lakini wanaopata shida ya kupumua, wanaoshindwa kunyonya kwa nguvu, wanaopata manjano, ni wengi zaidi kwa wiki 37 na 38 kuliko kwa 39. Kama kuna presha kali, kama chupa imepasuka, kama mtoto ameacha kucheza, tunamtoa hata wiki 37 na tunashukuru. Kumtoa kwa sababu ya basi la Kigoma, hapana.

Mdau wa Iyumbu, mwanangu, takwimu zako sizikatai. Ila soma tena waliingizwaje kwenye huo utafiti. Kila mama tarehe zake zilikuwa zimethibitishwa kwa altrasaundi ya mapema. Kila mama alikuwa na mashine ya kufuatilia mapigo ya mtoto, na thieta ya upasuaji iko karibu. Na walikuwa tayari kumpa mwanamke muda, hawasemi ameshindwa baada ya saa sita. Kukaa chumba cha leba kulikuwa saa 20 kwa walioanzishiwa, 14 kwa waliosubiri, kwa wastani wa katikati. Mimi nimefanya zamu ya usiku nikiwa na mwenzangu mmoja, kina mama kumi na moja, wawili kati yao wanasukuma kwa wakati mmoja. Unamwekea nani dripu ya uchungu hapo, na nani anamsikiliza mtoto kila nusu saa?

Maana hatari ya dawa yenyewe ndiyo hii. Mfuko wa uzazi ukiuchokoza unaweza kujibana kupita kiasi. Tunaweka mkono juu ya tumbo tunahesabu: zaidi ya mara tano kwa dakika kumi, mtoto hapati nafasi ya kuvuta hewa kati ya bano na bano, mapigo yanaanza kushuka. Ukiwa pale unafunga dripu, unamlaza mama ubavu, mambo yanarudi. Usipokuwa pale unakuja kukuta mengine. Baada ya saa nyingi za dripu mfuko nao unachoka, mtoto akitoka hausinyai haraka, damu inakuja. Na mwenye kovu la upasuaji asipewe vile vidonge vya kuanzisha uchungu kabisa, kovu linaweza kuachia.

Kingine ni mlango wa kizazi. Tunaupima kwa vidole: umefunguka kiasi gani, umefupika, umelainika, umekaa mbele au nyuma, na kichwa kimeshuka wapi. Mama wa Kizota alikuwa sentimita 3 na ni mtoto wa tatu, mlango ulishalainika wenyewe, ukigusa tu unafunguka. Wewe ni wa kwanza, na hakuna aliyekupima. Mlango mgumu kama ncha ya pua unahitaji kulainishwa kwanza, na hiyo inaweza kula siku nzima na usiku wake kabla uchungu wenyewe haujaanza.

---

Mlenda wa Karanga · 4 Agosti, saa 4 asubuhi

Mbona hamsemi njia za nyumbani? Bibi yangu kule Bahi alitupa mizizi tukachemsha, na dada yangu alikunywa mafuta ya nyonyo vijiko viwili, kesho yake akajifungua. Hakuna daktari, hakuna gharama.

---

Mkunga wa Mpwapwa · 4 Agosti, saa 4:20 asubuhi

Bibi yako namheshimu. Lakini mizizi haina kipimo. Ni dripu isiyo na kifungio: ikishaingia mwilini hakuna wa kuizima. Nimepokea kina mama wanatoka majumbani tumbo gumu kama jiwe halilegei hata dakika moja, ukiuliza wanakataa, mpaka mama mkwe anatoa kichupa kwenye mkoba. Mmoja tulimpoteza mtoto. Alikuwa amefika wiki zake, na hana ugonjwa wowote.

Mafuta ya nyonyo yanaharisha. Mtu anaingia leba amekauka maji, ana kizunguzungu, nguvu ya kusukuma hana. Na vile vidonge mnavyouziana dukani bila cheti, kimoja kina mikrogramu 200, na dozi ya kuanzishia mtoto aliye hai ni 25. Moja ya nane. Nani ataikata kwa wembe mezani kwake?

Kunywa mlenda wako kwa amani, ule haujamdhuru mtu.

---

Mdau wa Iyumbu · 4 Agosti, saa 6 mchana

Mama Mkunga, nimekubali kwenye tarehe. Sikuwa nimeangalia mzunguko wake, na hilo linabadilisha jibu: kwa wiki 38 hata huo utafiti haumhusu.

Ila bado nasimama kwenye haki ya mama. Tarehe zikiwa na uhakika, wiki 39 ikatimia, mlango ukiwa mzuri na wahudumu wakiwepo, mwanamke akisema anataka, sioni kwa nini tumkatalie. Na kusubiri nako kuna mwisho wake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilisema mimba isiyo na tatizo isianzishiwe kabla ya wiki 41, na ikishatimiza wiki 41 kwa uhakika, mama aanzishiwe. Sweden walilinganisha wiki 41 na 42, kina mama kama 2,760, wakausimamisha utafiti kabla ya wakati kwa sababu kundi la kusubiri mpaka 42 lilipoteza watoto sita na la 41 halikupoteza hata mmoja. Matokeo yalichapishwa 2019. Kwa hiyo dada, ukiamua kusubiri, subiri ukiwa na tarehe ya kikomo.

---

Mkunga wa Mpwapwa · 4 Agosti, saa 6:30 mchana

Hapo tumeelewana kabisa.

---

Dereva wa Manyoni · 4 Agosti, saa 2 usiku

Naomba niingie upande wa wanaume. Nina watoto watatu na sikuwepo hata mmoja akizaliwa, kazi yangu ni barabara. Wa kwanza nilipigiwa simu niko Kahama, nikalia kwenye usukani, gari limepaki, taa zinawaka. Kwa hiyo namwelewa shemeji na safari yake. Hata angekuwepo, sheria inampa baba siku tatu tu za likizo.

Lakini kilichomsaidia mke wangu hakikuwa sura yangu mlangoni. Ni kwamba kabla sijaondoka tuliandika kwenye karatasi: nani analala naye kuanzia wiki ya 38, bajaji gani anapiga simu saa 8 usiku na mwenye bajaji amekubali, pesa iko wapi na nani mwingine anaijua namba ya siri, nani atatoa damu ikihitajika. Namba 115 ya m-mama tuliandika ukutani kwa mkaa, ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na wanaojifungua, haina malipo. Hiyo karatasi ndiyo ilikuwa mume.

Dada, mwambie shemeji akae chini muiandike kabla ya tarehe 12.

---

Mama wa Kizota · 4 Agosti, saa 2:30 usiku

Nimesoma yote. Mama Mkunga amenifundisha kitu, nilikuwa nafikiri nilikuwa na bahati tu. Dada Kijacho, kama utakosa mtu wa kukupeleka, mimi Kizota siyo mbali na kwako. Niandikie pembeni.

---

Kijacho wa Nkuhungu · 6 Agosti, saa 1 usiku

Wapendwa nimerudi. Leo tulienda tena kwa daktari, mume na mimi, nikiwa nimeandika tarehe zote tatu kwenye karatasi moja na mzunguko wangu chini yake. Nilikuwa natetemeka, nikidhani atakasirika.

Hakukasirika. Alichukua karatasi ya Januari ambayo siku ile sikuwa nimeibeba, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya mezani, akanyamaza. Akasema, "Hii ningeiona tusingepanga tarehe 10." Basi. Akanipima mlango wa kizazi: umefungwa, mrefu, mgumu, uko nyuma. Akatupa njia mbili. Nikitaka, baada ya tarehe 16, nikishatimiza wiki 39, anaweza kunianzishia kama mlango utakuwa umelainika. La sivyo tusubiri, na mwisho wa kusubiri ni tarehe 30.

Tarehe 16 mume hatakuwepo vilevile. Tulipotoka tulikaa kwenye benchi nje chini ya mwarobaini, upepo wa Agosti unapeperusha vumbi mpaka unafumba macho. Mume wangu ndiye aliyesema kwanza. Akasema, "Mimi nilitaka nimwone akitoka. Yeye hajasema anataka kutoka." Nikalia, na yeye akalia.

Tunasubiri. Wifi yangu wa Kongwa amekubali kuja kuanzia tarehe 11. Karatasi ya Dereva tumeiandika jana usiku, iko kwenye mlango wa friji. Kuhusu likizo, nimemwandikia afisa utumishi kuomba nitumie siku zangu za likizo ya mwaka kuanzia tarehe 3, ile ya uzazi ianze siku ya kujifungua. Bado hajajibu.

---

Upepo wa Miyuji · 6 Agosti, saa 1:30 usiku

Mungu akutunze dada. Nimefurahi sana, sana.

---

Kijacho wa Nkuhungu · 12 Agosti, saa 12 asubuhi

Ameondoka. Nimemsindikiza mpaka stendi ya Nzuguni, saa 11 alfajiri, baridi kali. Aliweka kiganja tumboni kupitia sweta mpaka kondakta alipomwita mara ya pili. Mtoto alimpiga teke.

---

Mkunga wa Mpwapwa · 24 Agosti, saa 3 asubuhi

Kijacho, jana ilikuwa tarehe yako. Hujambo? Mtoto anacheza? Kupita tarehe ni kawaida kabisa kwa mimba ya kwanza, wanaozaliwa siku yenyewe ni wachache mno. Lakini kuanzia sasa msikilize mchana na usiku. Siku ukiona kucheza kumepungua usisubiri kesho wala kuuliza humu, nenda.

---

Kijacho wa Nkuhungu · 24 Agosti, saa 3:30 asubuhi

Sijambo mama, shikamoo. Anacheza sana usiku. Nimechoka, sitadanganya. Majirani kila asubuhi wananiuliza "bado?" mpaka naogopa kutoka kwenda gengeni. Wifi ndiye ananitetea. Afisa utumishi amekubali zile siku. Alhamisi naenda kupimwa maji ya mtoto.

---

Kijacho wa Nkuhungu · 4 Septemba, saa 10 jioni

Wapendwa, msichana. Kilo 3.4. Amezaliwa tarehe 1 Septemba, saa 5 asubuhi.

Uchungu haukuja wenyewe. Tarehe 30 ilifika nimekaa kimya, nikaingia wodini tarehe 31 nikiwa wiki 41 na siku 1. Kwa hiyo nimeanzishiwa hatimaye, na safari hii sikuwa na swali hata moja moyoni.

Mlango ulikuwa umelainika, kidole kimoja kinapita. Walinipa dawa imeyeyushwa kwenye maji, kikombe kidogo kila baada ya saa mbili, ina ladha kama chaki. Kuanzia saa 10 jioni. Mpaka saa 4 usiku ilikuwa kama maumivu ya hedhi, nikawa natembea korido na wifi, tunahesabu vigae. Chupa ilipasuka saa 9 usiku. Hapo ndipo nikajua uchungu ni nini. Nesi wa zamu alikuwa anakuja, anaweka mkono wake tumboni, anaangalia saa ya ukutani dakika kumi nzima bila kusema neno, kisha anaweka kile kipima mapigo, naisikia 140, 138, 144. Nilikuwa naisubiri ile sauti kuliko nilivyokuwa nasubiri kitu kingine chochote. Dripu sikuhitaji.

Alipotoka alilia mara moja, sauti nene. Mama Mkunga, nilimwomba nesi anionyeshe nyayo zake. Zimejaa mistari.

Baba yake alimwona kwenye simu, mtandao unakatika kila dakika. Amempa jina la mama yangu.

---

Mkunga wa Mpwapwa · 4 Septemba, saa 10:20 jioni

Hongera mwanangu, hongera sana. Umenitoa machozi na uzee wangu huu. Kunywa uji, lala akilala. Na wifi apewe kitenge.

---

Dereva wa Manyoni · 4 Septemba, saa 1 usiku

Hongera kwako na kwa shemeji. Nikipita Kigoma nitamtafuta nimpe mkono.

---

Zabibu ya Hombolo · 9 Septemba, saa 5 asubuhi

Samahani kwa kufufua uzi. Hongera dada. Mimi nina wiki 38 sasa, sina tatizo, na nimeambiwa Ijumaa nije nianzishiwe kwa sababu daktari wangu anaenda likizo. Nimeshalipia kitanda. Nifanyeje?

---

Mkunga wa Mpwapwa · 9 Septemba, saa 5:15 asubuhi

Karibu mwanangu. Altrasaundi yako ya kwanza ulipiga lini?